Mashine na Mwenyewe: Stendi ya Katikati ya Pikipiki ya Kale

Katika miji na mashamba ya Bonde la Ufa, tangu Naivasha na Gilgil mpaka Nakuru, Njoro, Molo na Rongai, zingalipo pikipiki za kale ambazo wenyewe hawakubali kuziuza kwa bei ya vyuma vikuukuu. Nyingine zimo ghalani zimefunikwa magunia, na kuku wanataga juu ya viti vyake. Nyingine hutolewa nje siku ya Jumapili, zikapanguswa vumbi, zikapigwa teke mara mbili tatu, zikanguruma kama zamani. Wenye pikipiki hizo aghalabu huitunza injini vizuri sana: huijua plagi, huijua kabureta, na hujua kiasi cha mafuta ya kuchanganya na petroli. Lakini kipo kiungo kimoja wasichokifikiri mpaka siku kinapovunjika, nacho ni stendi ya katikati, ile yenye miguu miwili ambayo huiinua pikipiki ikasimama wima.

Mtu asidhani kwamba hili ni jambo dogo. Injini ikikataa kuwaka, hasara yake ni kuchelewa. Stendi ikikataa kusimama, pikipiki huanguka, na ikianguka humwangukia aliye karibu, naye mara nyingi ni fundi aliyepiga magoti akikaza mnyororo, au mtoto aliyevutwa na mng'ao wa taa. BSA Bantam, iliyo nyepesi katika jamaa zake, ina uzito wa kilo 70 na zaidi. BSA M20, ile iliyotumiwa na majeshi ya Uingereza katika Vita Kuu ya Pili, yapita kilo 160. Tena stendi iliyolegea yaweza kushuka wakati pikipiki inakwenda. Hapo miguu yake hukwaruza njia, na mwendeshaji anapoinama katika kona huweza kugota chini, ikaliinua gurudumu la nyuma na kumtupa mtu mtaroni.

Yafaa kwanza msomaji ajue habari za pikipiki zenyewe. Bantam ilitolewa mwaka 1948 na kampuni ya BSA ya mji wa Birmingham, Uingereza. Injini yake ya kwanza ilikuwa na ujazo wa sentimita 123, na gia zake zilikuwa tatu. Asili ya umbo lake haikuwa ya Kiingereza. Ilikuwa pikipiki ya Kijerumani, DKW RT 125, ambayo michoro yake ilichukuliwa baada ya vita kuwa sehemu ya fidia. Ndiyo maana pikipiki zinazofanana nayo ziliundwa pia Marekani, Urusi na Japani. Bantam iliendelea kuundwa mpaka mwaka 1971, kisha ikakoma. Royal Enfield Bullet ina habari nyingine. Ilianza kuundwa Madras, India, mwaka 1955, na haikukoma huko hata baada ya kiwanda cha Redditch, Uingereza, kufungwa mwaka 1967. Kwa hiyo mwenye Bullet hupata vipuri vipya kutoka India, lakini mwenye Bantam hana budi kutegemea vipuri vya kuigwa, ambavyo wafanyabiashara wa Uingereza huviuza, au kutegemea mkono wa fundi wa karibu.

Pikipiki nyingi za kabla ya vita, na za wakati wa vita, hazikuwa na stendi ya katikati. Zilikuwa na stendi ya nyuma iliyofungwa karibu na ekseli ya gurudumu la nyuma. Kuisimamisha pikipiki juu ya stendi hiyo kulitaka nguvu za mgongo. Baada ya vita stendi ya katikati ikaenea, kwa sababu mtu hutumia uzito wa mwili wake kwa kuikanyaga, wala halazimiki kuibeba pikipiki.

Basi stendi hiyo hufanyaje kazi? Juu yake hushikwa na bolti ndefu, au pini, inayopita katika masikio mawili ya fremu. Miguu yake miwili hushuka mpaka chini. Watu wengi hudhani kwamba miguu husimama wima kabisa kama miguu ya meza, lakini sivyo. Stendi njema hupita wima kidogo ikaelekea mbele, kisha huzuiwa na kipande cha chuma kinachogota kwenye fremu. Kipande hicho na kiitwe kizuizi. Kwa kuwa miguu imepita wima, uzito wa pikipiki wenyewe huikandamiza stendi juu ya kizuizi, na pikipiki hukaa imara. Mtu akiisukuma mbele kwa nguvu, miguu hurudi ikapita wima upande wa pili, ndipo springi huivuta stendi juu ikakunjika chini ya injini.

Kutokana na maelezo hayo, mwenye akili ataona mara moja mahali pa kutazama stendi inapoharibika. Kizuizi kikiliwa, miguu hupita wima kuliko ilivyopasa na kwenda mbele mno. Pikipiki hushuka, magurudumu yote mawili hugusa chini, na chombo hutikisika kama mlevi. Matundu ya bolti yakipanuka yakawa na umbo la yai, stendi hucheza huku na huku. Springi ikichoka, stendi huning'inia. Na miguu ikipinda, pikipiki huegemea upande mmoja.

Na kwa nini viungo hivi huliwa upesi katika nchi hii? Sababu kubwa ni vumbi. Inasemekana kwamba jina la Nakuru lenyewe limetokana na neno la Kimasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na kila aliyepita huko wakati wa kiangazi hatabisha. Udongo wa sehemu hizo ulitokana na majivu ya milima ya moto kama Menengai. Chembe zake zikichanganyika na grisi iliyozeeka hugeuka kuwa kama msasa, nao huila bolti kila stendi inapopandishwa na kushushwa. Tena majivu hayo ni laini, hivyo mguu wa stendi huzama, pikipiki ikainama, na uzito wote ukaangukia sikio moja la fremu.

Na ichukuliwe mfano wa mkulima wa upande wa Njoro aliyerithi Bantam ya marehemu babake. Stendi imekatika mguu mmoja, na pikipiki imeegemezwa ukutani, mahali wajukuu wanapocheza. Mbele yake zipo njia tatu. Ya kwanza ni kuuchomelea mguu uliokatika. Ya pili ni kuagiza stendi ya kuigwa kutoka ng'ambo. Ya tatu ni kumpa fundi wa jua kali mjini Nakuru kazi ya kuunda nyingine.

Njia ya kwanza ni rahisi, nayo yafaa ikiwa chuma kilichobaki ni kizima. Lakini mguu uliokatika kwa kutu utakatika tena kando ya mahali palipochomelewa, kwa kuwa kutu imekwisha kula ndani. Fundi apige chuma polepole kwa nyundo ndogo akisikiliza. Chuma kizima hulia, na chuma kilichooza huwa na sauti ya bubu. Njia ya pili ni nzuri ikiwa mwenyewe ataandika barua yake barabara, kwa sababu Bantam si moja. Zilizotangulia zilikuwa na fremu isiyo na springi nyuma, na zilizofuata zilibadilishwa mara kadha wa kadha. Stendi ya namna moja haitaingia katika fremu ya namna nyingine. Basi asiandike “Bantam” tu, bali ataje namba ya fremu na namba ya injini, na kupeleka vipimo vya stendi ya zamani. Njia ya tatu ndiyo wengi watakayoifuata, kwa sababu ya bei na kwa sababu mafundi wa Nakuru wana mikono myepesi.

Lakini hapa pana onyo. Wahenga walisema, usitupe mbachao kwa msala upitao. Stendi ya zamani, hata ikiwa imekatika vipande vitatu, isitupwe wala isiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma mpaka mpya imefungwa na kujaribiwa. Hiyo ndiyo kielelezo cha fundi. Urefu wa miguu, upana wake, pembe ya kizuizi na mahali pa kikulabu cha springi, yote yameandikwa katika chuma hicho. Fundi akiunda kwa kukisia, ataunda stendi ya pikipiki nyingine.

Kadhalika mwenyewe aulize ni chuma gani kitakachotumiwa. Bomba jembamba la maji ni rahisi kupatikana, lakini halikuumbwa kwa kubeba uzito unaoruka. Tena bomba lililopakwa zinki likichomelewa hutoa moshi mweupe unaomletea fundi homa na maumivu ya kifua. Zinki hiyo haina budi kuondolewa kwanza, na kazi ifanywe penye upepo. Ni afadhali kutumia bomba nene la chuma, lenye unene uliolingana na wa zamani au uliozidi kidogo.

Sasa kazi yenyewe. Jambo la kwanza ni kuitegemeza pikipiki kabla ya kufungua cho chote. Petroli ifungwe, na tangi likitoka kirahisi liondolewe. Pikipiki ifungwe kwa kamba mbili kwenye boriti ya banda au tawi nene la mti, ili isianguke kushoto wala kulia, kisha chini ya fremu liwekwe sanduku la mbao na ubao juu yake. Uzito ukae juu ya mabomba ya fremu. Usikae juu ya bomba la moshi, wala juu ya sehemu ya injini iliyo nyembamba, kwani aluminiamu hupasuka kwa urahisi. Mtu mmoja asifanye kazi hii peke yake. Awepo wa pili wa kushika.

Jambo la pili ni springi. Katika pikipiki nyingi springi huvutika zaidi stendi ikiwa imeshushwa, na hulegea stendi ikiwa imekunjwa. Fundi mwerevu hutumia desturi hiyo. Stendi ikiwa chini na springi imevutika, huingiza washa nyembamba au sarafu katika nafasi zilizo kati ya mizunguko ya springi, moja baada ya moja. Akiikunja stendi, springi haiwezi kurudi kwa sababu imejazwa, hivyo hubaki ndefu na kutoka kwenye kikulabu chake bila ya kupigana nayo. Wale wanaoing'oa kwa bisibisi wajue kwamba springi iliyofyatuka huweza kumtoa mtu jicho. Miwani ya kazi yauzwa kwa bei ndogo, na jicho haliuzwi.

Jambo la tatu ni kutoa bolti. Ikiwa imeshikwa na kutu, imwagiwe mafuta ya kulegeza na kuachwa usiku kucha. Haraka haraka haina baraka. Na hapa wengi hukosa jambo kubwa, nalo ni kipimo cha nati. Pikipiki za Kiingereza za miaka ile hazikufungwa kwa bolti za milimita. Bolti zake ni za vipimo vya inchi, tena vya namna mbalimbali: zipo za kipimo cha Whitworth, kilichoanza mwaka 1841, na zipo za kipimo cha baiskeli, chenye hesi nyembamba zaidi. Pembe ya hesi ya Whitworth ni digrii 55, na ya milimita ni digrii 60. Kwa hiyo nati ya milimita ikilazimishwa juu ya bolti ya Whitworth itaingia mizunguko miwili, itakaza, na mtu atadhani amefunga, kumbe ameiharibu hesi. Spana nazo ni vivyo hivyo. Spana ya Whitworth huandikwa unene wa bolti, wala si upana wa kichwa cha nati. Asiyekuwa na spana hizo aziazime kwa mzee mwenye sanduku la vyombo vya zamani, kuliko kuikata nati pembe kwa spana isiyolingana.

Jambo la nne ni kupima. Masikio ya fremu yasuguliwe mpaka chuma king'ae, kisha yatazamwe kama yana ufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa sikio la fremu, ukiachwa, siku moja utaiangusha pikipiki yote. Matundu yakiwa yamekuwa na umbo la yai, yasijazwe vipande vya bati. Yachongwe upya yawe duara, na fundi wa mashine ya kukereza aunde bushi ya kuyafaa. Ikiwa ni lazima kuchomelea kwenye fremu, tangi liwe limeondolewa na kupelekwa mbali, na betri, kama ipo, ifunguliwe. Tangi lisilo na petroli ila mvuke ni la hatari kupita lililojaa, maana mvuke ndio unaolipuka. Wala namba ya fremu isiguswe kwa moto, kwa tupa, wala kwa rangi nene. Pikipiki ambayo namba yake haisomeki haina shahidi, na mwenyewe atapata taabu mbele ya polisi na mbele ya wenye kuandikisha vyombo.

Jambo la tano ni kuifunga stendi mpya bila ya springi na kuitazama. Bolti ikazwe kabisa, kisha stendi isukumwe kwa mkono. Yapasa iende huku na huku kwa wepesi, bila ya kucheza pembeni. Ikiwa bolti ikikazwa stendi hushikwa isiende, dawa yake si kuiacha nati ikiwa imelegea, kama wafanyavyo wengi. Maana yake ni kwamba bushi ya ndani ni fupi kuliko bomba la stendi. Ncha za bomba hilo zipigwe tupa kidogo kidogo mpaka bushi ndiyo ibanwe na stendi izunguke juu yake. Kisha nati itiwe pini ya kuipasua miguu, au nati ya pili ya kuifunga ya kwanza, kwa kuwa mtikiso wa barabara za murram huifungua nati isiyo na mlinzi.

Jambo la sita ni kizuizi na urefu. Pikipiki iteremshwe juu ya stendi penye sakafu ngumu. Gurudumu moja yapasa lining'inie, nafasi ya vidole viwili kutoka chini ikatosha. Likiwa juu kuliko hivyo, stendi ni ndefu mno, na kuipandisha kutakuwa mateso. Magurudumu yote mawili yakigusa, ama miguu ni mifupi ama kizuizi kimeliwa. Na mwenye kufunga tairi nene kuliko za asili akumbuke kwamba tairi nazo hupunguza nafasi hiyo. Kizuizi kilicholiwa huongezwa chuma kwa kuchomelewa, kisha hupigwa tupa kidogo na kujaribiwa, kidogo na kujaribiwa, mpaka pikipiki itulie. Pande zote mbili zigote kwa pamoja. Ukigota upande mmoja, stendi itajipinda polepole.

Jambo la saba ni kuirudisha springi. Hujazwa washa au sarafu kama kwanza, ikiwa imebanwa katika jiriwa na kupindwa huku na huku, kisha hutiwa kwenye vikulabu vyake stendi ikiwa imekunjwa. Stendi ikishushwa, sarafu huanguka zenyewe. Zihesabiwe, isije moja ikabaki ndani. Springi iliyochoka isifupishwe kwa kukatwa, bali inunuliwe mpya, maana bei yake si kitu mbele ya mguu uliovunjika.

Mwisho ni jaribio. Stendi ikiwa imekunjwa, mtazamaji achutame aangalie kama imegusa mnyororo, bomba la moshi au fimbo ya breki. Kisha mtu mzito aketi kitini na kujirusha mara chache, na stendi isisikike ikigonga. Baada ya hapo pikipiki iendeshwe polepole katika njia mbaya, irudishwe, na kila nati itiwe spana mara ya pili.

Stendi mpya haitadumu ikitumiwa vibaya. Anayeipandisha pikipiki asimame upande wa kushoto, mguu wa kulia ukanyage mkono wa stendi, na miguu yote miwili ya stendi iguse chini kwanza. Ndipo aweke uzito wote wa mwili juu ya mguu wake, na mkono uongoze tu. Asiyefanya hivyo huinua kwa kiuno, na kiuno hakina kipuri. Tena si vema kuketi juu ya pikipiki iliyo kwenye stendi na kuipiga teke la kuwasha. Uzito wa mtu pamoja na teke ndio uliopinda stendi nyingi. Penye udongo laini liwekwe bapa la ubao chini ya miguu. Na grisi ya bolti ibadilishwe kabla ya mvua za masika na tena zinapokwisha: ya zamani ifutwe yote kwanza, kwa maana kuongeza grisi safi juu ya vumbi ni kuongeza msasa.

Leo vijana wengi wa Nakuru hupata riziki yao kwa pikipiki za bodaboda, nazo nyingi zina stendi za namna hiyo hiyo, zinazoliwa na vumbi lile lile. Aliyejifunza kuitengeneza stendi ya Bantam ya babu yake hatashindwa na ya chombo kinacholisha nyumba yake. Kila jioni, kabla ya kuufunga mlango wa banda, mwenye pikipiki na aitikise mara moja kwa mkono. Ikitulia, alale. Ikicheza, asingoje kesho kuitegemeza vizuri na kuwaondoa watoto karibu nayo.